Nyeusi Iliyosingiziwa: Uchambuzi wa Malalamiko ya Gobelins

Mwaka 1824 mwanakemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa usimamizi wa utiaji rangi nyuzi katika karakana ya kifalme ya Gobelins, mjini Paris. Alikuwa hajatimiza miaka 40, na jina lake lilijulikana kwa mafuta ya wanyama: mwaka uliotangulia alikuwa amechapisha kitabu kikubwa kinachoeleza mafuta hayo yameundwa na nini. Rangi haikuwa uwanja wake. Alipoingia kazini alikuta amerithi kesi, na kesi hiyo ndiyo ninayotaka kuifungua hapa, kwa sababu sijui kisa kingine kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi jicho linavyosoma rangi.

Gobelins ilifuma tapestri, yaani vitambaa vizito vyenye picha, vilivyokusudiwa kutundikwa kwenye kuta za majumba. Colbert, waziri wa Louis XIV, aliinunua mahali hapo kwa ajili ya mfalme mwaka 1662, na kwa zaidi ya karne moja na nusu sifa yake ilitegemea mambo mawili: mkono wa mfumaji na ubora wa nyuzi zilizotiwa rangi papo hapo karakanani. Nyuzi ndizo zilizokuwa zikilalamikiwa. Baadhi ya malalamiko yalihusu udumifu: buluu hafifu, zambarau, kijivu na kahawia zilisemekana kuchujuka mapema. Mengine yalihusu nyeusi. Ilidaiwa kwamba nyeusi iliyotumika kutilia vivuli kwenye mikunjo ya nguo za buluu na za zambarau haikuwa na nguvu. Ilionekana imepauka, kama nyeusi iliyokosa kukolea.

Jiweke kwenye kiti cha mfumaji. Katika kitanda cha kufumia cha kusimama, mfumaji hukaa nyuma ya kazi yake. Picha anayoiiga iko mgongoni kwake, nyuzi za mtande, yaani zile za wima, zimesimama mbele ya uso wake, na ili aone upande wa mbele wa kitambaa hutazama kioo kilichowekwa ng'ambo ya mtande. Anachukua kidonge cha uzi mweusi. Mkononi ni mweusi kabisa. Anaufuma katikati ya mikunjo ya joho la buluu, anatazama kwenye kioo, na weusi umekwisha. Nani wa kulaumiwa kama si mtia rangi?

Lawama hiyo ina mantiki yote duniani. Na haikuwa sahihi.

Uzi ulipimwa peke yake kwanza

Msimamizi mpya anayetaka kuonekana anafanya kazi angeamuru nyuzi zichovywe mara moja zaidi, au angebadilisha dawa za kutengenezea nyeusi. Chevreul alikusanya kwanza sufu nyeusi kutoka kwa watia rangi waliosifika zaidi, wa Ufaransa na wa nchi nyingine, akazilinganisha na nyeusi ya Gobelins. Hakukuta hata moja iliyoishinda. Uzi uliolaumiwa ulikuwa mweusi sawa na nyeusi bora zilizopatikana wakati ule.

Hatua hii ni ya kawaida mno, na ndiyo maana huwa inapitwa haraka na wanaosimulia kisa hiki. Mimi naiona kuwa ndiyo kiini chake. Hadi pale, swali lilikuwa moja: mbona nyeusi hii ni dhaifu? Baada ya ulinganishi ule yakawa maswali mawili tofauti. Je, uzi huu ni mweusi? Na je, uzi huu unaonekana mweusi pale ulipowekwa? Swali la kwanza ni la kemia, na jibu lake lilikuwa ndiyo. La pili lilihusu mtu anayetazama, na hakuna pipa la rangi ambalo lingeweza kulijibu.

Jambo jingine linalostahili heshima ni kwamba hakuyatupa malalamiko yote kwenye kapu moja. Yale ya udumifu aliyakuta ni ya kweli: buluu hafifu na zambarau zile zilikuwa na kasoro halisi, na hizo zilikuwa kazi ya maabara. Lile la nyeusi tu ndilo lililokosa ushahidi kwenye uzi. Lakini hata hapo hakusema kwamba waliolalamika walikuwa wanajidanganya. Walikuwa wanaona sawasawa kabisa. Nyeusi ilionekana dhaifu kweli, na ingeonekana dhaifu kwa mtu mwingine yeyote mwenye macho mazima. Walikosea kwenye sababu tu.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Sijapata kuona methali ikikaa mahali pake barabara kama hapa. Kilichokuwa kikiila nyeusi kilikuwa kwenye nguo ileile iliyofumwa: buluu na zambarau zilizoizunguka.

Vipande vinne vya karatasi

Chevreul alitumia miaka iliyofuata kulithibitisha jambo hilo kwa majaribio, na jaribio lake la msingi ni rahisi kiasi kwamba msomaji anaweza kulifanya leo. Kata vipande vinne vya karatasi vyenye ukubwa sawa: viwili vyekundu na viwili vya buluu. Chukua kimoja chekundu na kimoja cha buluu, uvibandike vikiwa vimegusana. Kisha weka chekundu cha pili mbali kidogo upande wa chekundu, na cha buluu cha pili mbali kidogo upande wa buluu. Sasa una nyekundu mbili za karatasi moja, moja iko peke yake na nyingine imegusana na jirani. Zilinganishe.

Nyekundu iliyogusana na buluu itaonekana imeelekea kidogo kwenye rangi ya machungwa. Buluu iliyogusana na nyekundu itaonekana imeelekea kwenye kijani. Ukiziweka nyekundu na rangi ya machungwa pamoja, nyekundu inavutwa upande wa zambarau na ile ya machungwa inavutwa upande wa manjano. Njano ikikaa na kijani, njano inakuwa na wekundu kidogo na kijani inasogea kwenye buluu. Kila rangi inamkimbia jirani yake. Na iwapo vipande vimetofautiana kwa mwangaza, kile cheupe zaidi kitazidi kung'aa na cheusi zaidi kitazidi kuwa giza, hasa kwenye mstari ule vinapokutana.

Chevreul aliyaweka haya yote kwenye kanuni moja: macho yanapoona rangi mbili zilizopakana kwa wakati mmoja, huziona zikitofautiana kwa kadiri kubwa iwezekanavyo, kwa aina ya rangi na kwa ukolevu pia. Aliuita ukinzani wa rangi wa papo kwa papo. Aliusoma mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mwaka 1828, na mwaka 1839 akautolea kitabu cha zaidi ya kurasa 700.

Ili kutabiri rangi itavutwa upande gani, alipanga rangi kwenye duara lenye sehemu 72, akianzia na nyekundu, njano na buluu. Kila rangi kwenye duara ina rangi iliyo mkabala nayo: nyekundu na kijani, buluu na machungwa, njano na zambarau. Kanuni ya kutumia duara ni fupi: rangi humwagia jirani yake kivuli cha rangi iliyo mkabala nayo. Buluu inamwagia umachungwa. Zambarau inamwagia njano iliyochanganyika na kijani kidogo. Na rangi mbili zilizo mkabala zikikaa pamoja, kwa mfano nyekundu na kijani, kila moja inamwagiwa kile ambacho tayari inacho, kwa hiyo hazibadiliki aina, zinakolea tu.

Hakuwa wa kwanza kuona. Mwanasayansi Mfaransa Buffon alikuwa ameandika juu ya rangi zinazozuka ndani ya jicho mwaka 1743, na mwandishi Mjerumani Goethe alitumia kurasa nyingi mwaka 1810 kueleza vivuli vyenye rangi. Tofauti ni kwamba Chevreul alifika kwenye jambo hili akitokea karakanani, akiwa na lawama mkononi inayosubiri jibu.

Kwa nini nyeusi, na kwa nini kando ya buluu

Hapa ndipo penye utajiri wa kisa hiki, nami nitakaa kidogo.

Tumezoea kufikiri kwamba nyeusi ni mahali pasipo na mwanga. Kaa kwenye chumba chenye giza totoro uone: unachokiona ni kijivu kizito chenye ukungu, wala si nyeusi. Kisha tazama kioo cha televisheni iliyozimwa mchana. Kina rangi ya kijivu. Iwashe, na katika picha utaona nywele nyeusi tititi, ingawa televisheni haina namna ya kutoa mwanga wa chini ya sifuri. Sehemu zile nyeusi zinarudisha mwanga uleule wa chumba uliokuwa ukirudishwa kioo kilipokuwa kimezimwa. Kilichobadilika ni jirani: sasa kuna ngozi, kuta na anga vinavyong'aa kando yake, na macho yanaipima sehemu ile kwa kulinganisha.

Au chukua kipande cha mkaa ukiweke juani, kisha ingia ndani utazame karatasi nyeupe kwenye taa ya kawaida. Mkaa ule wa juani unarudisha mwanga mwingi kuliko karatasi ile ya ndani, mara nyingi zaidi. Bado mkaa ni mweusi na karatasi ni nyeupe. Jicho halihesabu mwanga, linapima uwiano. Nyeusi, kuliko rangi nyingine yoyote, ni zawadi ya jirani.

Sasa rudi kwenye mikunjo ya joho. Nyeusi iliyowekwa kando ya njano, au kando ya nyekundu iliyochangamka, ina bahati mara mbili. Jirani ni mwangavu, kwa hiyo tofauti ya ukolevu ni kubwa na nyeusi inazama. Na rangi inayomwagiwa nayo, yaani zambarau au kijani kizito, ni ya giza, kwa hiyo haiharibu kitu. Lakini buluu na zambarau zilizokolea ni rangi nzito zenyewe. Kando yake nyeusi haina kitu cheupe cha kuisukuma chini. Halafu rangi zilizo mkabala nazo, machungwa na njano, ndizo rangi zenye mwanga mwingi kwenye duara lote. Nyeusi inapomwagiwa umachungwa na njano inapata joto na uangavu isiouhitaji, na macho yanaisoma kama kahawia iliyochoka au kijivu chenye vumbi. Imenyimwa giza na jirani, kisha jirani huyohuyo akaipaka nuru.

Kwa hiyo malalamiko yalikuwa na muundo uliokuwa ukitoa jibu tangu mwanzo. Hayakusema kwamba nyeusi ya Gobelins ni mbaya kila mahali. Yalitaja nguo za buluu na za zambarau. Kama kasoro ingekuwa ya dawa, ingejitokeza pia kwenye nyeusi iliyopakana na njano na nyekundu. Naamini mchunguzi makini angeweza kuanza kumshuku jirani kwa kusoma malalamiko tu, kabla hata ya kugusa uzi, ingawa bila ulinganishi ule hakuna ambaye angemwamini.

Fiziolojia ilichukua muda mrefu kulifikia jambo hili. Ewald Hering, katika karne hiyohiyo ya 19, alipendekeza kwamba macho hufanya kazi kwa jozi zinazopingana: nyekundu dhidi ya kijani, njano dhidi ya buluu, nyeupe dhidi ya nyeusi. Mwaka 1953 Stephen Kuffler alionyesha kwamba seli za neva za retina ya paka hulinganisha mwanga unaoangukia katikati ya eneo lake na ule unaoizunguka. Kimoja kikiichochea seli, kingine kinaizuia. Ulinganishi basi unaanza ndani ya jicho lenyewe, kabla ujumbe haujafika ubongoni, na ndiyo sababu kujua ukweli hakuuondoi. Unaweza kuwa umeukata uzi kwa mkono wako mwenyewe, ukajua kwa yakini kwamba ni mweusi, na bado uuone umepauka.

Kesi ya pili, ileile

Chevreul mwenyewe anasimulia ugomvi uliofanana na huu, na kwangu ndio ushahidi unaokata mzizi wa fitina. Wafanyabiashara walikuwa wamewapa wapiga chapa wa vitambaa nguo za rangi moja, nyekundu, zambarau na buluu, ili wazichape maua meusi. Walipozichukua walidai wamedanganywa. Juu ya nyekundu maua yalikuwa ya kijani. Juu ya zambarau yalikuwa na ukijani-njano wa giza. Juu ya buluu yalikuwa kama shaba. Hakuna hata moja lililoonekana jeusi.

Jibu lake lilikuwa karatasi nyeupe iliyokatwa matundu kwa umbo la maua, ikawekwa juu ya kitambaa ili ifunike rangi ya chini yote na kuacha maua peke yake. Maua yote yalikuwa meusi. Karatasi ikiondolewa, yanarudi kuwa kijani na shaba mbele ya macho yaleyale.

Napenda ushahidi wa namna hii kwa sababu hauhitaji mtu amwamini mtaalamu. Yeyote anayefanya kazi na rangi anaweza kuwa na karatasi yake yenye matundu mawili madogo. Weka tundu moja juu ya rangi unayoishuku na jingine juu ya rangi unayodhani inafanana nayo. Zikifanana tunduni na kutofautiana nje, uzi hauna hatia.

Lugha yetu yenyewe inatupa mtego hapa. Ukiondoa nyeusi, nyeupe na nyekundu, karibu kila jina la rangi tunalotumia limechukuliwa kutoka kwenye kitu: kijivu kwenye majivu, kijani kwenye majani, kahawia kwenye kahawa, manjano kwenye bizari, zambarau kwenye tunda. Rangi inatamkwa kana kwamba ni mali ya kitu, imeshikamana nacho kama ngozi. Kwa mazungumzo ya kila siku hiyo inatosha kabisa. Anayechagua rangi za kuweka pamoja inambidi ajizoeze kusikia swali la ziada kila anapotamka jina: kijivu, lakini kando ya nini?

Dawa ipi ingefaa

Kuongeza dawa nyeusi pipani kusingesaidia, maana nyeusi ilikuwa imefika ukomo wake. Zinabaki njia tatu, na hazilingani kwa thamani.

Ya kwanza ni kumbadilisha jirani: buluu inayopakana na kivuli ichukuliwe hatua moja nyeupe zaidi, ili nyeusi ipate kitu cha kuizidi. Hii ndiyo ningeichagua, kwa sababu inarudisha tofauti ya ukolevu, ambayo ndiyo iliyopotea zaidi. Ya pili ni kuwatenganisha kwa mstari mwembamba wa rangi nyangavu. Inafanya kazi kwenye mapambo, lakini kwenye mkunjo wa nguo unaotakiwa kuonekana wa asili mstari ule utaonekana kama kovu.

Ya tatu ni ya hila: kutia ndani ya nyeusi kiasi kidogo cha rangi ya jirani. Nyeusi yenye ubuluu ikiwekwa kando ya buluu, umachungwa inaomwagiwa unazimwa na ubuluu ulio ndani yake, na jicho linaona nyeusi safi. Kanuni hiyo inafaa hata zaidi kwa kijivu. Kijivu halisi juu ya kijani huonekana kina uwaridi. Kikitiwa ukijani kidogo kinatulia na kuonekana kijivu. Yaani ili rangi ionekane ya kweli, mara nyingine inabidi isiwe ya kweli.

Hapa panazuka onyo ambalo Chevreul aliwapa wachoraji, nami nadhani ndilo lililo gumu zaidi kulifuata. Mchoraji anayetazama joho la buluu lenye vivuli vyeusi ataona vivuli vina ukahawia. Kwa uaminifu wake atachora ukahawia huo. Lakini mtazamaji atakapoitazama picha, macho yake yataongeza umachungwa wao juu ya ule uliokwisha chorwa, na kosa litakuwa maradufu. Kuiga kwa uaminifu, kwa hiyo, kunadai mchoraji atenganishe kile kilicho kwenye kitu na kile kinachozaliwa jichoni, achore cha kwanza na kukiachia jicho cha pili. Kwenye karakana ya tapestri hatari hiyo inaongezeka, kwa kuwa mfumaji anaiga picha ya mchoraji. Kosa la mchoraji linafika kwenye sufu likiwa limeshavaa mamlaka ya picha asilia.

Pale kanuni inapogeuka

Ingekuwa dhuluma kumaliza bila kusema kwamba kanuni ya Chevreul ina mipaka, tena mipaka inayouhusu ufumaji wenyewe. Ukinzani unatawala pale rangi zinapokaa kwa maeneo mapana. Punguza upana mpaka rangi ziwe nyuzi nyembamba zinazopishana na mambo yanageuka: rangi hazikimbiani tena, zinaambukizana. Mistari myembamba meusi juu ya nyekundu inaifanya nyekundu ionekane ya giza. Mistari myeupe juu ya nyekundu ileile inaipausha. Wilhelm von Bezold, mwanasayansi Mjerumani aliyependa kubuni mazulia, alilieleza jambo hili mwaka 1874 baada ya kuona kwamba kubadilisha rangi moja tu kwenye zulia kunaweza kubadilisha sura ya zulia zima.

Na ukipunguza zaidi, hadi jicho lishindwe kutenganisha uzi na uzi, rangi zinachanganyika kabisa. Chevreul alilijua hili vizuri. Aliwaonya wafumaji kwamba nyuzi za rangi mkabala zikichanganywa kwa wembamba mno zinazaa kijivu, ilhali rangi zilezile zikiwekwa kwa mapana zinakuzana. Rangi mbili, matokeo mawili yanayopingana, na kinachoamua ni upana wa kipande na umbali wa mtazamaji. Hata duara lake limerekebishwa tangu hapo: vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba rangi inayomwagwa haiangukii kila mara palepale mkabala.

Wasanii waliomfuata walichukua sehemu mbalimbali za urithi huu. Vincent van Gogh alikuwa na kisanduku chenye vidonge vya nyuzi za sufu, ambacho bado kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake mjini Amsterdam. Baadhi ya vidonge vimesokotwa kwa rangi mbili au zaidi pamoja. Alizipima rangi kwa uzi kabla ya kuzipeleka kwenye turubai. Nikikiwaza kisanduku hicho namwona mfumaji wa Gobelins na kioo chake.

Georges Seurat alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1884 alianza turubai kubwa ya watu waliopumzika kwenye kisiwa cha La Grande Jatte, yenye upana wa zaidi ya mita tatu, akaionyesha mwaka 1886. Leo iko Art Institute of Chicago. Aliijenga kwa miguso midogo na nukta, kila rangi ikihesabiwa kwa kile itakachomfanyia jirani yake. Baadaye aliongeza ukingo wa nukta kuizunguka picha yote, ukibadilika rangi kadiri sehemu ya picha iliyo kando yake inavyobadilika, ili hata fremu isimharibie hesabu.

Miongoni mwa rangi alizotumia kulikuwa na njano mpya ya zinki. Ilikuwa na kasoro halisi ya kikemia. Katika miaka michache tu, mwaka 1892, mhakiki Félix Fénéon alikuwa ameshaandika kwamba rangi za picha hiyo zinaharibika. Nukta za njano iliyong'aa zimegeuka kahawia ya udongo, zile za kijani zilizochanganywa na njano hiyo zimekuwa na rangi ya mzeituni, na za machungwa zimefifia. Ukizitazama kupitia tundu la karatasi, moja moja, zimebadilika kweli. Safari hii lawama ni ya rangi yenyewe. Na kando yake kuna nukta za buluu na zambarau ambazo hazikuguswa na kasoro hiyo, zilizowekwa pale ili zipambane na njano kali. Kupitia tundu ni zilezile alizoziweka Seurat. Ondoa karatasi, na zinaonekana kando ya kahawia.